Karakana ya Nyumbani kwa Motokaa ya Zamani: Somo kwa Wakaao Likoni, Kisauni na Changamwe

Wako watu katika Likoni, Kisauni na Changamwe ambao uani mwao imesimama motokaa ya zamani: Peugeot 404 au 504 iliyoachwa na baba, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Morris Minor, Datsun au Land Rover ya kale. Wengine huiendesha kila juma; wengine huifunika tu, wakingoja siku watakapopata nafasi na fedha. Watu wanaohifadhi motokaa za kale ulimwenguni wamekubaliana kwamba gari lililotimiza miaka 30, na kutunzwa katika hali yake ya asili, lahesabiwa kuwa gari la kihistoria. Basi hata Peugeot 504, ambayo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na kuendelea kuunganishwa hapa Kenya mpaka mwaka 2004, nyingi zake zimekwisha kuingia katika hesabu hiyo.

Somo hili laeleza jinsi mwenye gari la namna hiyo awezavyo kujitengenezea karakana ndogo nyumbani. Neno kubwa tunalotaka msomaji alishike ni hili: kwetu pwani, karakana ina kazi tatu za kukinga kabla ya kuwa mahali pa kuwekea zana. Yapasa ilikinge gari na chumvi. Yapasa imkinge mtu na gari. Tena yapasa ivikinge visima vya majirani na mafuta machafu. Karakana isiyoweza mambo hayo matatu ni hasara, hata ikijaa spana zinazong'aa.

Kwa nini kazi hii yawezekana nyumbani

Motokaa za siku hizi huendeshwa na vyombo vya kompyuta, na fundi asiye na mashine ya kuvisoma hawezi kujua ugonjwa wao. Motokaa ya zamani sivyo ilivyo. Petroli yake huchanganywa na hewa ndani ya kabureta, na cheche zake hukatwa na pointi zilizomo katika distribyuta. Mambo hayo mtu huyaona kwa macho, huyasikia kwa masikio, na huyapima kwa kibati chembamba cha chuma. Kwa hiyo mtu mwenye subira, aliye na kitabu cha gari lake, aweza kufanya sehemu kubwa ya utunzaji kwa mikono yake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba gari lililokwisha kutumika halina heshima. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya walipoipata. Joginder alizaliwa Kericho, baba yake akiwa na gereji, naye mwenyewe alifanya kazi ya ufundi kabla ya kujulikana kwa udereva. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Dereva aliyekuwa fundi hulijua gari lake kama nahodha aijuavyo ngalawa yake.

Mahali na upepo

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Pwani yetu hupata pepo mbili kubwa. Kusi huvuma tangu Aprili mpaka karibu na Oktoba, nayo hutoka upande wa kusini-mashariki. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi mpaka Machi, nayo hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili hutoka baharini na kuchukua unyevu wa chumvi. Kwa hiyo, ikiwa uwanja waruhusu, mlango wa karakana uelekee magharibi, yaani upande wa bara, na ukuta wa mashariki uwe mzima, wenye matundu ya hewa juu tu. Jua la alasiri litaingia, lakini kibaraza kifupi cha bati juu ya mlango kitalizuia.

Aliye Changamwe yuko mbali kidogo na bahari kuu, na chumvi yake si kali kama ya Likoni au Kisauni. Lakini yeye ana vumbi la malori yaendayo na kutoka bandarini. Vumbi likichanganyika na unyevu hushika maji juu ya chuma mfano wa sifongo. Yeye naye afagie na kufuta mara kwa mara.

Kuhusu ukubwa, tupige mfano wa Peugeot 504. Urefu wake ni karibu mita 4.5, upana wake karibu mita 1.7. Banda la mita 7 kwa mita 4 latosha: mtu apata zaidi ya mita moja kila upande ili kufungua milango na kulala chini, na mbele pabaki nafasi ya meza ya kazi yenye upana wa sentimeta 60. Kabla ya kujenga, mtu apate kibali kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Wengi katika Likoni na Kisauni wana nyumba lakini hawana ardhi. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba. Mtu wa namna hiyo asitumie akiba yake yote kwa kuta za mawe na sakafu kubwa. Yamfaa banda la nguzo zilizofungwa kwa skrubu na nati, lenye paa la mabati linaloweza kufunguliwa, na sakafu ya vibao vya saruji vilivyopangwa tu juu ya kokoto. Ikimpasa kuhama, atahama nalo.

Sakafu

Udongo wa sehemu zetu tatu haufanani. Likoni na Kisauni, penye mawe ya matumbawe chini ya mchanga mchache, pana msingi mgumu, ila wenye mashimo na nyufa. Changamwe, chini kuna mwamba laini wa udongo uliogandamana tangu zamani za kale, ambao wataalamu wa miamba wameupa jina la Changamwe hiyo hiyo. Udongo utokao katika mwamba huo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, hata sakafu ikapasuka. Kwa hiyo huko mtu aondoe udongo wa juu, ajaze kifusi cha mawe ya matumbawe na kukishindilia vizuri, kisha atandike wavu wa chuma ndani ya saruji.

Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, na nne za kokoto; na unene usipungue sentimeta 10. Chini ya sakafu pawekwe karatasi ya nailoni ili unyevu usipande. Mchanga usiwe wa ufukoni, kwa maana una chumvi, na chumvi hula wavu wa chuma uliomo ndani. Saruji ikishamwagwa, inyweshwe maji kwa siku 7 kabla ya kubebeshwa mzigo. Kazi hiyo isiharakishwe: sakafu hiyo ndiyo itakayobeba stendi, na stendi ndizo zitakazobeba gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja juu ya kifua cha mtu.

Sakafu iwe sawasawa, isiinamie upande wowote, na mlangoni pajengwe kizingiti cha chini, chenye mteremko pande mbili ili magurudumu yapite. Mafuta yakimwagika yatazuiwa na kizingiti hicho yasitoke nje.

Wengi hupenda kuchimba shimo la kusimamia chini ya gari. Sisi hatulipendekezi nyumbani. Mahali pa chini pa Likoni na Kisauni maji yako karibu, na shimo hugeuka kisima. Hata lisipojaa maji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutelemka na kukusanyika humo, ukingoja cheche moja.

Paa na maji ya mvua

Makuti ni paa la baridi na la desturi yetu, lakini yasiezekwe juu ya petroli. Yafaa mabati yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na pembeni pawekwe mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua katika pipa lenye kifuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwa kuwa huosha vumbi na chumvi iliyokaa juu ya paa.

Maji hayo ya mvua yana thamani kuliko mtu anavyofikiri. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvi. Mtu akiosha gari kwa maji hayo, alipaka chumvi ile ile aliyotaka kuiondoa. Akiyatia katika redieta, huharibu zaidi: injini ya Peugeot 504, mathalani, ina kichwa cha aluminiamu, na maji ya chumvi hukitafuna kidogo kidogo mpaka gasketi iache kushika. Redieta itiwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Betri haitiwi hata maji ya mvua. Hutiwa maji maalumu ya betri peke yake.

Mtu avukaye Likoni kwa kivuko, au apitaye karibu na ufuko, aoshe chini ya gari lake kwa maji matamu kila juma: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango, na penye springi. Avizibue vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango, maana vikiziba maji hukaa ndani na mlango huoza kutoka ndani kuja nje, na mwenyewe huona kutu siku ambayo bati limekwisha. Gari lililolala lifunikwe kwa kitambaa cha pamba, si kwa plastiki. Plastiki hufungia unyevu ndani.

Zana zipasazo

Zana zisinunuliwe kwa siku moja wala kwa kufuata macho. Kwanza mtu ajue gari lake limetoka nchi gani. Peugeot, Volkswagen na Datsun zina nati za vipimo vya milimeta. Morris Minor na Land Rover za kale zina nati za vipimo vya inchi vya Kiingereza. Spana ya milimeta ikitumiwa kwa nguvu juu ya nati ya inchi huila pembe zake, na nati iliyoliwa pembe huweza kumpotezea mtu siku nzima.

Zana za kuanzia ni hizi: spana za mdomo na za duara, spana za soketi na mpini wake, bisibisi za namna mbili, koleo, nyundo, tupa, msumeno wa chuma, jiriwa iliyofungwa imara juu ya meza, vibati vya kupimia nafasi, spana ya plagi, geji ya upepo wa magurudumu, bomba la grisi, na taa ndogo ya volti 12 ya kujaribia umeme. Baadaye, fedha zikipatikana, inunuliwe spana ya kupimia nguvu, ambayo humwambia mtu nati imekazwa kiasi gani. Hiyo yahitajika sana kwa kichwa cha injini.

Jasho la mkono lina chumvi pia. Kila jioni zana zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, zirudishwe katika sanduku lenye kifuniko. Kitambaa chenyewe kiwekwe ndani ya kopo la bati lililofunikwa.

Kumkinga mtu

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mtu asiingie hata mara moja chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Mpira wake mdogo wa ndani ukipasuka, gari hushuka bila kutoa onyo. Gari likiinuliwa liwekwe juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vipande vya mti mbele na nyuma, kisha gari litikiswe kwa mkono kabla ya mtu kulala chini. Tofali na jiwe la matumbawe vyote ni haramu katika kazi hii. Jiwe la matumbawe laonekana gumu, lakini ndani lina matundu, nalo huvunjika ghafula.

Injini isiwashwe mlango ukiwa umefungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayowaka, basi iwe mbali na moto na sigara. Na kabla ya kugusa nyaya za gari, waya wa betri uliofungwa katika bodi la gari ndio ufunguliwe kwanza; kwa magari mengi ni wa hasi, lakini kwa baadhi ya magari ya kale ya Kiingereza, kama Morris Minor, ni wa chanya. Umeme wa ukutani ni volti 240, nao hutiwa na fundi wa umeme mwenye leseni.

Kifaa cha kuzimia moto cha unga kiwekwe karibu na mlango, si mwisho wa chumba ambako mtu hawezi kukifikia. Pawe pia na ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaa.

Breki za magari ya kale ziliwekwa vitambaa vyenye asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa bomba la upepo. Lilowanishwe maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa mahali pasipofikiwa na watoto.

Na juu ya watoto: petroli, maji ya betri na mafuta ya breki visitiwe kamwe katika chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi; huona chupa aijuayo akanywa.

Visima vya jirani

Gari moja likibadilishwa mafuta hutoa lita kadhaa za mafuta meusi. Desturi mbaya ya kuyamwaga nyuma ya nyumba, au kuyanyunyiza uani ili kutuliza vumbi, yapasa ikome. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango madogo, na kinachomwagwa juu hushuka upesi hata kwenye maji ya chini. Watu wengi wa Kisauni na Likoni hutegemea visima. Mafuta aliyoyamwaga mtu uani mwake leo huweza kuonekana katika ndoo ya jirani yake asiyekuwa hata na baiskeli.

Mafuta machafu yatiwe katika madumu yenye vifuniko, yaandikwe jina, na yapelekwe kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, au kwa kituo cha petroli kinachokubali kuyapokea. Wala yasipakwe chini ya gari kuwa dawa ya kutu, kama wafanyavyo wengine. Yana asidi, tena yana sumu kwa ngozi ya mtu. Kwa kazi hiyo yatumiwe mafuta mapya au nta maalumu.

Kazi za kila wakati

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la gari litundikwe juu ya meza, na kila kazi iandikwe pamoja na tarehe na kilomita zilizosomeka.

Kila juma: kutazama mafuta ya injini, maji ya redieta, upepo wa magurudumu na taa. Kila mwezi: kutazama mkanda wa feni, mipira ya maji na ya petroli, na kusafisha vichwa vya betri. Kila kilomita 5,000, au kila miezi 6: kubadili mafuta ya injini na chujio lake, kutia grisi, kusafisha plagi, na kupima pointi. Nafasi ya pointi kwa magari mengi ya kale ni karibu milimita 0.4, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Kila mwaka: kubadili mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Yakishiba maji huchemka kwenye mteremko mrefu, na breki hukosa nguvu.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwisho wa mwaka 2005. Risasi hiyo ilikuwa ikilinda makalio ya vali katika baadhi ya injini za kale. Mwenye gari lililotengenezwa kwa petroli hiyo apime nafasi za vali zake mara kwa mara. Akiona nafasi zapungua kila apimapo, ajue vali zinazama katika makalio yake, na kichwa cha injini chahitaji kupelekwa kwa fundi wa mashine atie makalio magumu.

Hapo ndipo mpaka wa karakana ya nyumbani ulipo. Kuchomelea bati karibu na tangi la petroli, kufungua springi zilizobanwa, kurekebisha usukani, na kufungua breki kwa mara ya kwanza ni kazi za fundi aliyefundishwa. Mwenye gari asimame karibu naye, atazame, aulize, na aandike. Mafundi wazee wanaojua kabureta wanazidi kupungua, na ujuzi wao haumo wote vitabuni. Kijana akikaa na mzee wa namna hiyo Jumamosi chache, na wote wawili wakitoka salama chini ya gari lililosimama juu ya stendi imara, karakana itakuwa imefanya kazi yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mlango wa karakana ya pwani hufaa kuelekea magharibi?
2. Sakafu ya Changamwe yatofautianaje na ya Kisauni, na kwa sababu gani?
3. Jeki ina kazi gani, na stendi ina kazi gani?
4. Mafuta machafu yamwagwapo juu ya mawe ya matumbawe huenda wapi?
5. Andika kazi tatu utakazofanya juu ya gari lako juma hili, na kazi moja utakayomwachia fundi.